Kuandika LISP 1.5 ya IBM 7094 Ukiwa Nakuru

Nafundisha hesabu hapa Nakuru, na jioni hukaa na LISP 1.5 ya mwaka 1962, lugha ya kuandikia programu za kompyuta aliyoianzisha John McCarthy kule MIT, chuo cha Marekani. IBM 7094 yenyewe, kompyuta ya enzi hizo, sina pa kuipata, kwa hivyo naiendesha kwenye laptopu kwa SIMH, programu inayoiga kompyuta za zamani. Kadi za matundu, zilizotumika kuingiza programu, zimekuwa mistari ya faili, ila sheria ni zilezile: herufi kubwa tupu, na usivuke safu ya 72 ingawa kadi ina safu 80.

Kadi ya kwanza ina neno TEST, lianzie safu ya 8. Kisha andika jina la fanksheni, yaani kazi unayotaka ifanywe, ufuatishe vitu unavyoipa. CAR, kwa mfano, hutoa kitu cha kwanza cha orodha:

CAR ((KISUMU MUHORONI LONDIANI NAKURU))

Jibu ni KISUMU. Hapa ndipo waliozoea LISP za leo hukwama, basi tutulie kidogo. Mabano ya nje si ya orodha yako, ni mfuko wa kubebea vitu vya fanksheni. Orodha ni yale ya ndani. Ukiweka jozi moja tu, CAR itaona imeletewa vitu vinne. Wala usiandike QUOTE, neno la kuiambia LISP isikokotoe kinachofuata. Kwenye ngazi hii kila kitu huchukuliwa kilivyo.

Mimi huiona orodha kama ile treni ya Kisumu niliyopanda na nyanya yangu. CAR ni behewa la mbele, CDR ni mabehewa yote yanayobaki. Majina hayo yametoka kwenye kompyuta ya IBM 704, ambako neno moja la biti 36 lilibeba anwani mbili za biti 15: moja ya abiria, yaani kitu kilichomo, nyingine ya behewa linalofuata.

Tengeneza fanksheni yako sasa, ya kutafuta kituo cha mwisho. DEFINE huisajili, LAMBDA hutaja kitu inacholetewa (X), COND hupima masharti kwa zamu, na T ni "kweli":

DEFINE ((
(MWISHO (LAMBDA (X) (COND
((NULL (CDR X)) (CAR X))
(T (MWISHO (CDR X))))))
))
MWISHO ((KISUMU MUHORONI LONDIANI NAKURU))

Mstari wa NULL, unaouliza kama hakuna behewa lililobaki, ndio breki; uandike kabla ya huo mwingine. Jibu: NAKURU.

Funga kwa STOP))))))). Mabano hayo yana kazi. Siku moja nilisahau bano kwenye DEFINE, nikaweka STOP peke yake. Mashine ikaendelea kusoma ikitafuta pa kufungia, ikameza yote yaliyofuata, na jibu sikuliona. Sasa huweka saba kila mara, halafu kadi ya mwisho, FIN, kwenye safu ya 8.