XBoard inayojihifadhia michezo yenyewe: kuizima, au kuing'oa kabisa

XBoard, programu huria ya sataranji ya mradi wa GNU, ina njia mbili za kuhifadhi michezo bila kuombwa. Wengi huzima moja wakadhani wamemaliza. Ya kwanza ni "Auto-Save Games": mchezo ukiisha, hutokea dirisha la kuuliza jina la faili. Ya pili ni jina la faili lililoandikwa kwenye "Save Games on File:". Hii haiulizi kitu, hubandika mchezo mwishoni mwa faili hilo kimya kimya. Zikiwapo zote mbili, ya pili ndiyo inayofanya kazi.

Kwa mwenye kompyuta yake nyumbani ni kero ndogo. Kwenye chumba cha kompyuta cha skuli, iwe Unguja au Pemba, wanafunzi wote wakiingia kwa akaunti moja, faili hujaa vipande vya michezo ya kila mtu. Pabaya zaidi ni pale mwalimu alipoelekeza faili kwenye flashi yake kisha akaondoka nayo: kila mchezo ukiisha hutoka "Can't open", na watoto wanadhani programu imeharibika.

Fungua "Options", ingia sehemu ya "Save Game". Ondoa tiki ya "Auto-Save Games". Futa herufi zote kwenye "Save Games on File:" mpaka pabaki patupu, hata nafasi isibaki. Tazama na "Save Final Positions on File:", kwani hiyo huandika mkao wa mwisho wa kete kwenye faili jengine. Kubali, kisha rudi "Options" ubonyeze "Save Settings Now".

Hatua hii ya mwisho usiiruke. Programu huandika mipangilio pale inapofungwa, tena ikiwa tu "Save Settings on Exit" imewashwa. Umeme ukikatika kabla hujaifunga, na kompyuta ya mezani haina UPS (betri ya akiba), kesho yake unakuta tiki imerudi pahala pake. Na ukiwa na madirisha mawili ya XBoard, litakalofungwa mwisho ndilo litakaloandika juu ya jengine.

Anayependa kuhariri faili lenyewe, kwenye Linux ni `.xboardrc` ndani ya folda ya mtumiaji. Funga XBoard kwanza. Ukihariri ikiwa wazi, itafuta kazi yako inapofungwa. Mistari iwe hivi:

```
-autoSaveGames false
-saveGameFile ""
-savePositionFile ""
```

Kila akaunti ina faili lake, kwa hiyo kompyuta yenye akaunti nne ina kazi mara nne. Kagua pia faili la mfumo mzima, `find /etc -name xboard.conf`, pengine aliyefunga programu aliandika kitu humo.

Ikiwa umezima na bado inarudi, uliza kama kuna aliyeendesha mashindano ya injini, yaani programu zinazocheza sataranji zenyewe. Dirisha la mashindano lina sehemu ya "Save Tourney Games on:", na kinachoandikwa hapo huingia kwenye `saveGameFile` ile ile. Mashindano yakiisha, jina la faili hubaki, na michezo ya kawaida inaanza kumiminika humo. Futa jina hilo kila baada ya mashindano.

Kung'oa "Auto-Save Games" kwenye msimbo, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kwayo, kuna maana pale tu kompyuta ni nyingi na hutaki mtu aiwashe tena. Kwa Debian au Ubuntu, washa kwanza vyanzo vya `deb-src` (vinavyotoa msimbo wa programu), kisha:

```
sudo apt build-dep xboard
apt source xboard
grep -n "autoSaveGames" backend.c
```

Amri ya `grep` iendeshe ukiwa ndani ya folda iliyofunguliwa. Ndani ya kitendaji `GameEnds` utakuta tawi la `else if (appData.autoSaveGames)` linaloita `AutoSaveGame()`. Ondoa tawi hilo pamoja na mabano yake, na hapo uwe makini: mabano moja likibaki peke yake, mkusanyo (ujenzi wa programu) utagoma mistari mingi mbele, mbali na kosa lenyewe. Tawi la juu yake, la `saveGameFile`, liache ikiwa mnaendesha mashindano, maana ndilo linaloweka kumbukumbu zake. Usiguse `args.h`. Mafaili ya zamani ya mipangilio bado yana jina `autoSaveGames`, na programu isiyolitambua italalamika.

Kisha `./configure`, `make`, na uijaribu palepale kwa `./xboard` kabla ya `sudo make install`. Kwa jaribio hili washa tiki ya "Auto-Save Games" na "Save Games on File:" pawe patupu, cheza hatua mbili dhidi ya injini, ingia "Action", chagua "Resign". Dirisha la kuuliza jina lisipotokea, kazi imekaa sawa. Toleo ulilojenga huwekwa chini ya `/usr/local`, kwa hiyo lile la Debian bado lipo. Liondoe, usije ukafungua la zamani ukashangaa.

Faili la PGN (ndilo lenye michezo iliyohifadhiwa) lililokwisha kujaa usilifute haraka, libadilishe jina tu. Ni maandishi matupu, na pengine mna mchezo ambao mtu atauhitaji. Atakayetaka kuhifadhi mchezo wake mwenyewe bado ana Ctrl+S.