Anza video na samaki, si nembo

Wenye biashara ya samaki Kisumu, tafadhali msianzishe video ya TikTok kwa nembo ya duka inayozunguka. Mtu atapitisha kidole kabla hajajua mnauza nini. Anza na ngege akigeuzwa kwenye mafuta moto, sauti isikike, simu ikiwa wima. Bei iandikeni papo hapo. Kumwambia mteja "njoo inboksi" kunamfukuza, na kwangu ni kumkosea heshima.

Kazi kubwa iko kwenye maoni. Akiuliza mtu, "Mnaleta hadi Kondele?" mjibuni kwa video nyingine, kwani TikTok inaruhusu swali lake libandikwe juu ya jibu, na wengine wenye swali hilo wataliona. Video hiyo iwekeni pia kwenye Status ya WhatsApp kabla ya saa sita mchana, njaa ikianza kuuma.