Kupanga fani za wahusika katika kitabu cha kanuni cha mashabiki: waandishi wengi, mkono mmoja

Kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza wa mezani (ule wa dadu na wahusika) kikiandikwa na watu sita wanaojitolea, msomaji huwaona wote sita. Huyu ameandika “pointi za uhai”, yule “uhai” tu. Huyu ameweka jedwali juu ya maelezo, yule chini. Mchezaji aliye mezani hana muda wa kubahatisha kama ni kitu kimoja au viwili. Mwongozo huu unahusu sura ya fani za wahusika, yaani shujaa, mchawi, mhunzi na wenzao, kwa sababu ndiyo sura inayorudia muundo uleule mara nyingi na ndiyo inayoharibika kwanza. Mifano inafuata kanuni za aina ya toleo la tano la Dungeons & Dragons, na programu ni LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure na kila mmoja anaweza kuwa nayo.

Hatua ya 1: Fungeni istilahi kabla ya kuandika

Hii ndiyo hatua ninayoipigania kuliko zote. Tengenezeni orodha ya maneno 40 hadi 60, kila neno na maana yake moja. Neno “ngazi” lichukuliwe na mhusika peke yake. Uchawi upewe “daraja”. Mkiacha “ngazi” itumike kote kuwili, mchezaji wa ngazi ya 3 atadhani anaruhusiwa uchawi wa ngazi ya 3, wakati kwa kawaida anaufikia akiwa ngazi ya 5.

Msijifariji kwamba mtabadilisha baadaye kwa kutafuta na kubadili. Kwa Kiswahili njia hiyo haifanyi kazi. Tuseme mmeandika “uwezo wako huu unakuongezea 2”, kisha mkaamua neno liwe “sifa”. Kompyuta itawapa “sifa wako huu unakuongezea 2”. Sahihi ni “sifa yako hii inakuongezea 2”, maneno matatu zaidi ambayo mashine haikuyagusa. Zidisheni kwa fani 12, kila moja ikiwa na uwezo 15 au 20, muone kazi mtakayojitwisha.

Andikeni pia upatanisho kwenye orodha hiyohiyo. “Kiumbe” kwenye kanuni ni mwenye uhai, kwa hiyo ni “kiumbe aliye karibu nawe”, si “kiumbe kilicho karibu nawe”. Bila hilo kuandikwa, kila mtu atafuata sikio lake.

Jambo la mwisho hapa ni majina. Uwezo na uchawi ukipewa majina ya vitenzi (Kuita Moshi, Kuzima Taa, Kufunga Mlango), faharasa nzima itarundikana kwenye K. Tumieni nomino: Wito wa Moshi, Giza la Ghafla, Komeo.

Hatua ya 2: Haki za matumizi

SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi za toleo la tano, imetolewa tangu 2023 kwa leseni ya Creative Commons Attribution 4.0. Mnaweza kuitafsiri, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi muweke tamko la kutaja chanzo lililoandikwa mwanzoni mwa hati hiyo. Mnaruhusiwa kusema kitabu chenu kinaendana na toleo la tano. Angalieni mtego mmoja: hati hiyo ina fani 12, na kila fani imepewa tawi moja tu, yaani njia moja ya kubobea ndani ya fani. Mtu akileta tawi la pili alilolinakili kwenye kitabu cha kununua, leseni hii hailifuniki. Likataeni, au liandikwe upya tangu mwanzo kwa wazo jingine. Fonti ziwe za leseni huria kama SIL Open Font License, na kila mchoraji atoe ruhusa kwa maandishi.

Hatua ya 3: Kiolezo kimoja, mwenyewe mmoja

Mtu mmoja amiliki kiolezo. Wengine wanapendekeza, yeye anabadilisha. Vipimo vinavyofanya kazi kwa A4 ni hivi: pambizo ya ndani mm 18, ya nje mm 14, nafasi kati ya safu mbili mm 6. Kila safu inabaki na mm 86. Maandishi yawe pointi 9.5, umbali wa mistari pointi 12. Mistari ipangwe kushoto tu, isinyooshwe pande zote mbili: neno kama “wanapokushambulia” likiangukia mwisho wa safu nyembamba, mstari ulionyooshwa hubaki na mapengo makubwa katikati ya maneno.

Tengenezeni mitindo ya aya na muipe majina ya Kiswahili yanayoanza na neno moja ili ikae pamoja kwenye orodha (F11):

- Fani-Jina
- Fani-Sehemu
- Fani-Uwezo
- Fani-Maelezo
- Fani-Jedwali
- Fani-Kisanduku

Mitindo mitatu ya kwanza ipewe kiwango cha muhtasari: 1, 2 na 3. Ukisahau, vichwa vitaonekana vizuri kwenye ukurasa lakini yaliyomo yatatoka matupu na PDF haitakuwa na alamisho. Fani-Uwezo iwekewe sharti la kubaki na aya inayofuata, la sivyo jina la uwezo litaachwa peke yake chini ya safu na maelezo yake yataruka upande wa pili.

Kila mwandishi aingize kiolezo kwenye orodha ya violezo ya programu yake, kisha afungue faili jipya kutoka hapo. Mwenye kiolezo akikibadilisha, akasambaza toleo jipya na wenzake wakaliingiza, programu itawauliza kama wanataka kusasisha mitindo. Jibu ni ndiyo, kila mara. Ukichagua kubaki na mitindo ya zamani, swali halirudi tena, na faili lako litaendelea na sura ya zamani bila wewe kujua.

Kosa la kila siku ni mtu kukoleza neno, kuongeza ukubwa wa herufi na kuliita hilo kichwa. Dawa: chagua aya yote, bonyeza Ctrl+M kufuta mapambo ya mkono, kisha weka mtindo. Fanya hivyo pia kwa kila kitu kilichobandikwa kutoka kwenye simu au barua pepe. Kumbuka kwamba Ctrl+M hufuta hata italiki uliyoihitaji, kwa hiyo majina ya uchawi yawe na mtindo wake wa herufi, na ukague kama umebaki.

Hatua ya 4: Nani ameshika faili gani

Fani moja, faili moja, mtu mmoja kwa wakati mmoja. Faili za Writer haziunganishiki kirahisi watu wawili wakizihariri sambamba. Atakayehifadhi mwisho atafuta kazi ya mwenzake. Wekeni lahajedwali ya pamoja yenye jina la faili, aliyenalo na hali yake: rasimu, namba zimekaguliwa, lugha imekaguliwa, imefungwa. Jina liwe kama 07_mhunzi_v04. Marufuku neno “mwisho” kwenye jina la faili.

Hatua ya 5: Fani yenyewe, kutoka juu hadi chini

Mpangilio usibadilike: aya moja ya utambulisho, kisanduku cha takwimu, vifaa vya kuanzia, jedwali la ngazi 1 hadi 20, maelezo ya uwezo kwa mfuatano wa ngazi, kisha matawi.

Kisanduku cha takwimu ndicho watu hunakili kutoka fani nyingine na kusahau kurekebisha. Hiki hapa cha Mhunzi (1d10 ni dadu moja ya pande 10; kirekebishi ni namba inayotokana na sifa ya mhusika):

*Dadu ya uhai: 1d10 kwa kila ngazi*
*Uhai, ngazi ya 1: 10 + kirekebishi cha Ustahimilivu*
*Uhai, ngazi zinazofuata: 1d10 (au 6) + kirekebishi cha Ustahimilivu*

Tazama ile 6. Wastani wa d10 ni 5.5, nao huzungushwa juu. Kwa d6 namba ni 4, kwa d8 ni 5, kwa d12 ni 7. Mkaguzi aanze hapo. Ukikuta 5 kwenye fani ya d10, jua kisanduku kizima kimetoka kwingine, na ukague kila mstari.

Jedwali la fani ya wachawi ndilo gumu kupanga kwa sababu lina safu tisa za madaraja ya uchawi. Haliingii kwenye mm 86, kwa hiyo lichukue upana wote wa mm 178: ngazi mm 12, bonasi ya ubobezi mm 16, majina ya uwezo mm 78, na kila daraja mm 8. Ingiza sehemu ya safu moja kwa ajili ya jedwali, kisha sehemu nyingine ya safu mbili iendelee chini yake. Sehemu iliyo juu ya jedwali iwekewe alama ya kugawa maandishi sawasawa, vinginevyo safu ya kushoto itajaa na ya kulia itabaki na shimo. Zima ruhusa ya jedwali kukatika kati ya kurasa. Seli isiyo na kitu iwekewe kistari “–”. Seli tupu humfanya msomaji adhani kuna kilichosahaulika.

Namba za jedwali zina mdundo unaokaguliwa kwa macho. Bonasi ni +2 ngazi 1 hadi 4, kisha hupanda kwa moja kwenye ngazi za 5, 9, 13 na 17, na kuishia +6. Nyongeza ya sifa kwa fani nyingi huja ngazi za 4, 8, 12, 16 na 19. Zingatia ile 19. Mkono wenye haraka huandika 20. Kisha pita mara mbili: kila jina lililo kwenye jedwali liwe na kichwa chake chini, na kila kichwa kiwe na mstari wake juu. Uwezo yatima hupatikana karibu kila fani.

Hatua ya 6: Sentensi za kanuni

Viambishi vya Kiswahili vinabeba watu wawili ndani ya neno moja, na hapo ndipo kanuni huvunjika. “Akimpiga, anapoteza zamu yake.” Nani anapoteza, mpigaji au mpigwa? Mwite mchezaji “wewe” na mwingine “mlengwa”: “Ukimpiga mlengwa, mlengwa anapoteza zamu yake inayofuata.” Kurudia neno si kosa hapa. Tenganisheni pia “unaweza” na “lazima”, na msitumie “huweza” kama pambo.

Alama ndogo zina madhara makubwa. Tafuta (Ctrl+H) ng' yenye alama iliyonyooka na ng’ yenye alama iliyopinda, kisha chagueni moja. Zikichanganyika, anayetafuta “ng’ombe” kwenye PDF anaweza kukosa nusu ya majibu. Namba hasi itumie alama ya kutoa (−2), si kistari cha kuungia. Katika “1d8 + 2” weka nafasi isiyokatika, Ctrl+Shift+Space, pande zote za alama, ili ile 2 isiangukie mstari wa pili.

Hatua ya 7: Kuunganisha na kujaribu

Kusanya fani zote kwenye hati kuu. Mitindo ya hati kuu hushinda ya faili ndogo zenye majina yaleyale, kwa hiyo hati hiyo nayo itokane na kiolezo kilekile. Picha ya upana wa safu moja kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli zisizopungua 1,016. Toa PDF yenye alamisho, na kama itachapwa na kubanwa pini katikati, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4.

Kisha mpe PDF mtu ambaye hajawahi kuisoma fani hiyo. Atengeneze mhusika wa ngazi ya 1 na ampandishe hadi ya 5 bila kuuliza chochote. Kaa naye, usimsaidie, andika kila ukurasa aliorudi nyuma kuutafuta. Hizo ndizo kurasa za kufungua tena kesho.