Kodi P0420: pima hivi kabla hujakubali masega yatolewe

Hapa Arusha na Moshi kuna mchezo umezoeleka sana. Gari inawasha taa ya injini, inapimwa kwa mashine inasoma kodi (namba ya hitilafu) P0420, hapohapo unaambiwa masega (catalytic converter, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) yamekufa tuyatoe na gari itakuwa nyepesi. Juzi nimemsaidia dada mmoja wa Njiro alieambiwa hivyohivyo, na masega yake yalikuwa mazima kabisa, kwahiyo nimeona niandike utaratibu ninaoufuata mimi.

Kwanza uelewe hiyo kodi inasema nini. Gari ina sensa ya oksijeni mbele ya masega na nyingine nyuma yake, kompyuta inazilinganisha, ikiona moshi unaotoka nyuma haujasafishwa inavyotakiwa inaandika P0420 (injini ya V6 ina P0430 kwa upande wa pili). Basi. Haijakwambia nani kasababisha, na wala haijasema masega yameziba. Kuchoka na kuziba ni magonjwa mawili tofauti, gari yenye P0420 inaweza ikawa inavuta vizuri tu.

Hatua ya 1: soma kodi zote, usifute

Piga picha kila kitu, pamoja na ile data ambayo kompyuta inaigandisha mda kodi inaingia. Kile kifaa kidogo cha bluetooth cha ELM327 na simu yako vinatosha, ila vile vya bei ya kutupa vinakatakata data. Ukiweza azima mashine inayochora grafu, hatua ya 4 utaihitaji.

Hatua ya 2: tibu misi na oili kwanza

Kama kuna P0300 mpaka P0304 (kodi za misi, yaani silinda haiunguzi petroli inavyotakiwa) pamoja na P0420, achana na masega, shughulika na plagi, koili na nozeli. Injini ikimisi, petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya masega, yanapata moto kupita kiasi mpaka yanayeyuka. Oili nayo ni adui, fosforasi iliyomo ndani yake inaenda kufunika yale madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu yanayofanya kazi, na coolant (maji ya kupozea injini) ikipenya kwenye gasketi ya silinda hedi madhara ni hayohayo. Ukifunga masega mapya kwenye injini inayokula oili umetupa hela, nasema wazi.

Hatua ya 3: tafuta ekzosi inapovuja, na uitafute ikiwa ya baridi

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na hapa ndipo ninapokaa mda mrefu kuliko kote.

Moshi hautoki injini kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo kunakuwa na mvuto kidogo. Kama kuna ufa au gasketi imeungua karibu na sensa, ule mvuto unaingiza hewa ya nje, sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, na kompyuta inahukumu masega bila kosa. Ufa wenyewe unaweza ukawa mwembamba kiasi kwamba hausikii mlio wowote ndani ya gari.

Shida ni kwamba chuma kikipata moto kinatanuka na ule ufa unajifunga. Gari ikifika gereji saa tano imeshatembea kutoka Usa River, fundi anasikiliza, anapitisha mkono, hakuna kitu. Ile gari ya Njiro ilinitesa masaa kwa sababu hiyohiyo, mpaka ilipolala gereji na kupimwa alfajiri kabla haijawashwa. Kwahiyo ilaze, na kama ni Juni au Julai kwenye baridi ya Arusha ndio vizuri zaidi.

Sasa fanya hivi. Injini imezimwa na ekzosi ni baridi. Chukua blowa, ile ya kupulizia vumbi, ingiza mdomo wake kwenye bomba la nyuma na uzibe pembeni kwa matambara, usikandamize sana, unataka presha ndogo tu ndani. Alafu weka maji ya sabuni ya unga kwenye chupa ya kupulizia, ingia chini (jeki peke yake haitoshi, weka stendi) na upulizie kila maungio kuanzia manifodi, kwenye flenji, kwenye bomba laini la nyuzi, kwenye nyuzi za sensa zote mbili, na kwenye kila sehemu iliyowahi kuchomelewa. Usikimbie. Kwenye ile gari mapovu yalitoka upande wa juu wa flenji ya mbele ya masega, upande usioonekana ukiwa umelala chini, madogomadogo meupe yanaongezeka taratibu, na ukifuta kwa kidole unakuta msitari wa masizi meusi. Tumia kioo kidogo kuangalia juu ya bomba.

Ukipata panapovuja, badilisha gasketi, na usipake silikoni ya kawaida, mvuke wake unaharibu sensa za oksijeni. Kama ni ufa, chomelea baada ya kufungua sensa na kuchomoa waya wa betri. Na kuvuja kwa nyuma kabisa karibu na mafla hakuleti P0420, usihangaike nako kwa ajili ya kodi hii.

Hatua ya 4: angalia data gari ikiwa ya moto

Tembea kama dakika 20, alafu shikilia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2500 kwa dakika mbili tatu. Usipime ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), masega yanapoa na majibu yanadanganya. Sensa ya nyuma kwenye masega mazima inatulia kwenye 0.6 mpaka 0.8 volti hivi. Ikiwa inapanda na kushuka harakaharaka kati ya 0.1 na 0.9 sambamba na ya mbele, masega yamechoka kweli. Angalizo: gari nyingi siku hizi sensa ya mbele ni ya aina nyingine, ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, haichezi volti hivyo, kwahiyo usiilinganishe, angalia ya nyuma tu. Na ukiachia mafuta ghafla ya nyuma kushuka karibu na sifuri ni kawaida. Isiposhuka, na ukikanyaga ghafla haipandi, sensa ndio imekufa.

Hatua ya 5: kama gari haivuti

Funga geji ya vakyumu (inayopima mvuto wa hewa) kwenye intake, yaani njia ya hewa inayoingia injini, shikilia RPM 2500. Mshale ukishuka taratibu bila kurudi, kuna kuziba. Vitabu vinaandika inchi 17 mpaka 21 za zebaki kwenye sailensa lakini hiyo ni usawa wa bahari, kila futi 1000 unatoa kama inchi moja, na Arusha ipo karibu mita 1400 (kama futi 4600), kwahiyo 13 mpaka 16 hapa ni afya.

Hatua ya 6: masega yamekufa kweli

Nunua mengine. Spesa ya kuivuta sensa ya nyuma mbali sifungi kwa mtu, inaificha taa tu na moshi mchafu unaendelea kuvutwa na watoto wanaotembea barabarani. Kuyatoboa ndio kabisa sitaki. Na ukibadilisha, ya zamani ni mali yako, ondoka nayo, kuna watu wananunua kwa ajili ya madini.

Hatua ya 7: futa kodi, alafu tembeza

Usimrudishie mwenye gari dakika ileile ukisema imepona. Gari nyingi zinahitaji safari mbili zilizofeli ndio taa iwake, kwahiyo taa kuzimika leo haimaanishi kitu. Foleni ya mjini haisaidii, toka Kisongo uelekee Makuyuni, shikilia mwendo wa 70 au 80 bila kukanyaga na kuachia, ukiheshimu vibao vya 50, alafu fungua mashine uangalie kipimo cha masega kimekamilika na kwenye kodi zinazosubiri hakuna P0420.