Somo: Kuning'iniza trei za kebo kwenye jengo la biashara, na kwa nini kazi kubwa iko kwenye tundu

Trei ya kebo (sinia refu la bati linalobeba nyaya chini ya dari) ikianguka, ni mara chache utakuta rodi inayoining'iniza imekatika. Utakuta rodi nzima, nati nzima, chaneli (chuma cha umbo la U ambacho trei inalalia) nzima, na juu kwenye slabu tundu liko wazi linakutazama. Rodi yenye nyuzi ya M10 (kipenyo cha milimita 10), ya chuma cha kawaida cha daraja la 4.6, ina eneo la milimita za mraba 58 hivi, na kuivuta mpaka ikatike kunataka zaidi ya tani 2. Kinachoachia ni ankabolti (kipande cha chuma kinachotanuka ndani ya tundu la slabu na kushika rodi), au zege lililoishika. Ndiyo maana somo hili nimelielemeza upande mmoja makusudi: kwenye tundu nitakaa sana, mengine nitayapita.

Nazungumzia kazi zetu za huku Mtwara na Lindi: maduka ya ghorofa, ofisi, hoteli za ufukweni, maghala ya korosho. Mwenye ghala anataka umalize kabla ya mwezi wa 10, maana minada ikianza magunia yanapangwa mpaka juu na jukwaa halina pa kusimama. Haraka hiyo ndiyo mama wa matundu mabaya. Na tukumbushane: umeme wa jengo la biashara ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama wewe ni saidia, fanya chini yake.

Hatua ya 1: Jua unachoning'inia

Slabu ya zege tupu haina shida. Shida ni slabu za matofali yenye uwazi, zile zinazopangwa matofali matupu halafu zege linamwagwa kati yake na juu yake. Ikishapigwa lipu huioni tofauti. Gonga kwa nyundo ndogo: penye mbavu ya zege panalia kavu, penye tofali panavuma. Ankabolti ya kuzamisha ni ya zege, haina kazi kwenye tofali tupu. Omba ramani ya slabu, tafuta mbavu, na kama mbavu haziko pale trei inapopita, funga chaneli ikatize kutoka mbavu hadi mbavu, kisha ning'iniza rodi kwenye hiyo chaneli. Ukitoboa na biti ikadumbukia ghafla, simama. Hapo umeshaingia kwenye tofali.

Kwenye ghala la kenchi za chuma hutoboi wala huchomelei bila neno la mhandisi wa jengo. Tumia klempu za bimu, ukizifunga karibu na maungio ya kenchi, si katikati ya chuma kilicho peke yake. Papi (vyuma vinavyolala juu ya kenchi kushika bati) zimewekwa kubeba bati na upepo. Trei nzito ikiongezwa hapo lazima mhandisi akubali kwanza, tena kwa maandishi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito

Chukua mfano. Trei ya milimita 300 yenye kilo 4 kwa mita, kebo zote kwa pamoja kilo 20 kwa mita. Jumla kilo 24. Vining'inizo vikiwa kila mita 1.5, kila kimoja kinabeba kilo 36, na ukijumlisha chaneli yake tuseme 38. Kila kining'inizo kina rodi mbili, kwa hiyo kila ankabolti inashika kilo 19. Inaonekana ndogo, lakini huo ni uzito uliotulia. Siku ya kuvuta kebo, watu wanne wakivuta kwa pamoja na kebo ikakwama kwenye kona, ankabolti moja inaweza kubebeshwa mara kadhaa ya hapo. Weka pia nafasi ya kebo zitakazoongezwa baadaye, maana huwa zinaongezwa. Uzito halisi wa kebo na wa trei uko kwenye katalogi ya mtengenezaji. Usiukisie kwa kuinua mkononi.

Hatua ya 3: Nunua chuma kinachostahimili chumvi

Hapa wengi wanabana pesa pasipobanwa. Rodi inayong'aa dukani imepakwa zinki kwa umeme, maikroni chache tu. Trei ya bati lililopakwa kiwandani kabla ya kukunjwa, ile inayoandikwa Z275, ina karibu maikroni 20 kila upande. Iliyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka baada ya kutengenezwa inaanzia 45 na kuendelea kulingana na unene wa chuma, na rangi yake ni kijivu kilichofifia. Kwa jengo la Shangani au Mikindani linaloangaliana na bahari, sikubali rodi ya kung'aa. Palipo wazi kabisa kwa upepo wa bahari, nenda kwenye chuma kisichoshika kutu cha 316.

Kuna mtego mmoja: rodi iliyozamishwa kwenye zinki ina nyuzi nene, na nati ya kawaida haipiti. Hata ankabolti inaweza kuikataa. Jaribu kwa mkono pale pale dukani, nati na ankabolti zote, kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Pima na uweke alama

Leza ikiwepo tumia. Isipokuwepo, mpira wa maji na kamba ya chaki vinatosha. Timazi itakushushia alama ya sakafuni au kukupandishia.

Vipande vingi vya trei vina urefu wa mita 3. Kiungo kisikae katikati ya vining'inizo viwili, kwani hapo ndipo trei inapinda zaidi. Mahali pazuri ni robo ya umbali. Kwa hiyo weka kiningʼinizo cha kwanza sentimita 37.5 kutoka mwanzo wa trei, halafu kila mita 1.5. Utapata 37.5, 187.5, 337.5, na kuendelea. Kiungo cha mita 3 kitaangukia sentimita 37.5 kabla ya kining'inizo, yaani robo kamili, na vyote vinavyofuata hivyo hivyo bila kupima upya. Hiyo mita 1.5 yenyewe ihakikishe kwenye jedwali la mtengenezaji: trei nyepesi yenye mzigo mkubwa inaweza kutaka pungufu.

Kwenye kona, weka kining'inizo ndani ya sentimita 30 kila upande wa kona. Kwenye njia panda, pande zote tatu.

Hatua ya 5: Tundu

Ankabolti ya kuzamisha ya M10 kwa kawaida inataka tundu la milimita 12 na kina cha 40. Ya M8 inataka 10 kwa 30. Soma boksi, maana baadhi ya watengenezaji wanatofautiana.

Funga kizuizi cha kina kwenye drili. Kama hakipo, zungushia utepe kwenye biti. Biti iwe mpya au yenye ncha nzima. Iliyolika inatoa tundu dogo na ankabolti inagoma njiani, na drili inayoyumba mkononi inatoa tundu pana. Simama chini ya tundu kabisa, si pembeni ukiwa umejinyoosha kutoka kwenye ngazi. Jukwaa lisogezwe. Najua kusogeza jukwaa kunachosha, lakini tundu lililopinda haliji kunyooka. Miwani ni lazima: vumbi la zege linashuka moja kwa moja machoni.

Biti ikigusa nondo, usiilazimishe. Hama, umbali usiopungua mara mbili ya kina cha tundu, na lile la zamani lijaze graut (uji wa saruji wa kujazia).

Kisha safisha. Pampu ya kupulizia, brashi ya waya, pampu tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu haionekani kwa mkaguzi. Vumbi likibaki, ankabolti inatanuka juu ya unga badala ya zege, na siku ya kwanza inashika vizuri tu.

Zamisha ankabolti mpaka iwe sawa na uso wa slabu. Weka chuma cha kutanulia ndani yake, ukubwa ule ule wa ankabolti na wa mtengenezaji yule yule, upige mpaka bega la chuma ligonge mdomo wa ankabolti. Bega lisipogusa, haijatanuka. Msumari mnene au kipande cha nondo hakifanyi kazi hii, hata kama kuna mzee atakuambia amefanya hivyo miaka yote.

Hatua ya 6: Rodi

Kabla ya kukata rodi kwa grainda, fungia nati mbili upande unaobaki. Ukishakata, zitoe zipitie ncha iliyokatwa. Zitasafisha nyuzi zenyewe. Malizia kwa tupa, na ncha ipake rangi ya zinki.

Weka alama ya kalamu milimita 12 kutoka ncha ya juu. Rodi ya M10 inatakiwa iingie kwenye ankabolti angalau milimita 10. Ukiona alama bado iko nje, nyuzi hazitoshi. Rodi iliyoshikwa na nyuzi tatu inasimama wima, inapendeza, na inasubiri. Halafu panda nati na washa mpaka slabuni kufunga rodi isizunguke, kwa kukaza kwa kiasi. Nati hiyo si jeki, usiitumie kuing'oa ankabolti.

Hatua ya 7: Chaneli na trei

Chaneli ya 41 kwa 41 inatosha kazi nyingi. Ya 41 kwa 21 ni ya trei nyembamba. Ikate iwe ndefu kuliko trei kwa sentimita 15 hivi, ili rodi zipate nafasi pembeni. Chini ya chaneli weka washa ya mraba na nati, juu yake washa na nati nyingine ya kufungia. Sawazisha kwa pima maji, kaza. Acha juu ya trei angalau sentimita 15 za kuingiza mkono, 30 ikiwezekana. Mkia wa rodi chini ubaki nyuzi chache tu. Mrefu unatoboa vichwa vya watu.

Trei ifungwe kwenye chaneli, isilale tu. Bolti za maungio ziingie kutoka ndani, vichwa vyao vya duara vikielekea kebo. Kila kiungo kiwe na mwendelezo wa ethi (njia ya umeme kwenda ardhini), na pale penye rangi au mwanya tumia waya wa shaba wa kuunganisha. Kwenye kona na kwenye mistari mirefu ongeza chaneli ya mshazari kutoka trei hadi slabuni, vinginevyo siku ya kuvuta kebo trei itabembea. Na kebo zivutwe juu ya rola.

Maswali ya mafundi

Kijana wa VETA, Mtwara: Shikamoo mwalimu. Kama rodi haikatiki, kwa nini tusitumie M8 kila mahali, ni nafuu?

Marahaba. Kwa trei ya milimita 100 au 150 yenye kebo nyepesi, M8 ni sawa. Sababu ya kupenda M10 kwenye trei kubwa ni tundu: milimita 40 ndani ya zege ni nyingine kuliko 30, hasa kama sentimita ya kwanza ni lipu. Na lipu usiihesabu kamwe. Kina kianzie kwenye zege lenyewe.

Fundi wa Nachingwea: Kaka, ankabolti inazunguka nikiingiza rodi. Nimeongeza kijiti, imeshika.

Itoe kwenye hesabu. Tundu ni pana au haikutanuka. Kijiti, karatasi, saruji ya kupaka, vyote vinashika mpaka mzigo uje. Hamia pembeni, toboa upya, jaza la zamani.

Mama Fundi, Lindi: Duka la mteja lina kenchi za mbao. Naweza kufunga rodi kwenye mbao?

Dada, kwa trei ya kebo nzito, hapana. Pitisha trei ukutani kwa mabano, ankabolti ziingie kwenye nguzo au bimu ya zege. Ukuta wa tofali la saruji lenye matundu nao haufai kwa ankabolti za kawaida, kwa hiyo tafuta nguzo.

Mkandarasi wa Masasi: Ghala lina mita 60, trei moja kwa moja chini ya bati. Nahitaji kiungo cha kutanukia?

Piga hesabu. Chuma kinatanuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Tofauti ya asubuhi na saa 8 mchana chini ya bati ikiwa nyuzi 25, mita 60 inakupa milimita 18. Hiyo inatosha kusukuma kona. Weka kiungo chenye mwanya katikati, kining'inizo kila upande wake, na waya wa ethi wenye ulegevu ukivuka. Funga trei kwa kukaza sehemu moja ya kila kipande, na sehemu nyingine zote tumia vishikizo vinavyoiruhusu kuteleza.

Saidia fundi: Kebo za mtandao nazo zipite trei hiyo hiyo?

Bora trei yake. Isipowezekana, weka ukuta wa chuma wa kutenganisha katikati ya trei, urefu wote.

Fundi wa Mikindani: Mafundi wa silingi wamefunga waya zao kwenye rodi zangu. Wanasema ni nyepesi.

Wafungue kabla jipsamu haijapanda, maana ikishapanda hutazifikia. Silingi ina vining'inizo vyake, na siku ikishushwa kwa ukarabati mtu atakata waya bila kujua nini kinashikwa na nini. Mwambie msimamizi wa jengo aandike kwenye kitabu cha saiti, kisha piga picha za rodi zako zikiwa tupu.