Nahau za Kichina kuhusu uwezo na kikomo cha mtu: namna ya kuzijua na kuzitumia

Anayejifunza Kichina huku kwetu hukutana mapema na nahau za herufi nne, chengyu, na mara nyingi hupewa orodha azikariri. Mimi ni mkalimani. Shughuli yangu ni kusimama kati ya wahandisi wa Kichina na mafundi wetu kwenye saiti za barabara, na orodha hizo sijaona zikimfikisha mtu mbali. Nahau zinazohusu uwezo wa binadamu, anachoweza akijitahidi na pale nguvu zinapomwishia, ndizo husikika sana kazini, na ndizo huudhi upesi zikisemwa ovyo. Vijana wanaoingia kazi hii nawaelekeza hivi.

Anza na kisa. Chukua Yú gōng yí shān, 愚公移山, Mzee Mjinga ahamisha milima. Kimo katika kitabu cha kale kiitwacho Liezi. Mzee wa karibu miaka 90 anakaa mkabala na milima miwili, Taihang na Wangwu, na kila akitoka nyumbani hana budi kuzunguka. Anawakusanya watu wa nyumba yake, wanakubaliana waiondoe. Mkewe ndiye anayeuliza swali la kikazi: hayo mawe na udongo mtayatupa wapi? Wanamjibu, pwani ya bahari ya Bohai. Kazi inaanza: wanavunja mawe, wanachimba, wanabeba kwa vikapu. Mtoto wa jirani yao mjane, ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni, anakuja mbio kusaidia. Kwenda Bohai na kurudi kunakula majira mazima. Mzee mwingine, huyu anaitwa Mwerevu, anawacheka: kwa umri huo hata unyasi wa mlimani hutaung'oa. Mjinga anamjibu kwamba akifa yeye atabaki mwanawe, mwanawe atazaa, wajukuu nao watazaa, na mlima hauongezeki kimo. Mwishowe Mola wa mbinguni anaguswa na moyo wake, anatuma wana wawili wa jitu waibebe milima mgongoni.

Ukikijua kisa chote, hutampachika nahau hii mtu aliyekesha usiku mmoja kumaliza ripoti. Ni ya kazi inayopita umri wa mtu mmoja. Tena Mao Zedong aliitumia Juni 1945 akifunga Mkutano Mkuu wa 7 wa chama chake. Milima ikawa ubeberu na ukabaila, na Mola akawa umma wa Wachina wenyewe. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya miaka ya 1966 hadi 1976, hotuba hiyo ilikaririwa nchi nzima. Kwa hiyo mhandisi kijana akiisikia kwako anasikia hadithi ya shuleni, ila mzee wa miaka sabini na kitu anasikia na ujana wake pia.

Ukishaipata nahau inayosukuma mtu mbele, itafute inayomvuta nyuma, uzijifunze pamoja. Ya kusukuma ni yǒu zhì zhě shì jìng chéng, 有志者事竟成, ambayo kwetu ni penye nia pana njia, haina mjadala. Ya kuvuta nyuma ni táng bì dāng chē, 螳臂当车, vunjajungu anayenyoosha mikono kuzuia gari la farasi. Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale, anamtaja vunjajungu huyu kama kiumbe asiyejua kwamba kazi imemzidi. Mimi nampenda zaidi wa kisa kingine cha kale, ambamo Mtawala Zhuang wa dola ya kale ya Qi, akienda kuwinda, anamwona mdudu huyo akilikabili gurudumu. Anauliza ni mdudu gani, anajibiwa ni yule anayejua kusonga mbele tu, kurudi nyuma hajui. Mtawala anasema angekuwa mtu angekuwa shujaa wa ulimwengu, kisha anaamuru gari limpishe. Ushujaa huo lakini haumo tena katika nahau ya leo. Imebaki kejeli tupu kwa anayepambana na asiyemuweza.

Hapo ndipo penye jambo ninalolisisitiza kuliko yote: nani anamwambia nani. Bèn niǎo xiān fēi, 笨鸟先飞, ndege mzito huruka mapema, ni maneno ya mtu kujisemea. Msifu mwanafunzi wa Kichina kwa bidii, atakujibu hivyo kwa unyenyekevu. Ukimwambia wewe, umemwita mzito wa akili, hata kama nia yako ni kumpongeza. Bù zì liàng lì, 不自量力, kutojipima nguvu, hutumika kumsema mtu asiyekuwepo, au katika ugomvi. Mkalimani akiitamka mezani, mazungumzo yamekwisha.

Kinyume chake, lì bù cóng xīn, 力不从心, moyo unataka lakini nguvu haziufuati, ni ya heshima sana mtu akijisemea, na asili yake inagusa. Jemadari Ban Chao alitumikia enzi ya Han huko nchi zilizo magharibi mwa China miaka 31. Uzee na maradhi vilipomwelemea akaomba kurudi nyumbani, jibu halikuja. Dada yake, Ban Zhao, mwanahistoria aliyeikamilisha historia ya Han, akamwandikia mfalme barua akieleza kwamba likizuka jambo la ghafla, nguvu za kaka yake hazitaweza kuufuata moyo wake. Mfalme akakubali. Ban Chao aliingia Luoyang mwaka 102, akafariki mwezi uliofuata. Mchina mzee anapokwambia lì bù cóng xīn, usikimbilie kumwambia "usijali, bado una nguvu." Mpokee kwanza.

Katika kutafsiri, pima uzito, picha iache. Wakati mmoja mhandisi mkuu aliulizwa kama zege la kalavati litakamilika kabla ya masika. Akasema: Móu shì zài rén, chéng shì zài tiān. 谋事在人，成事在天, kupanga ni kwa mtu, kufanikiwa ni kwa mbingu. Watu huinasibisha na Zhuge Liang, mtaalamu wa mbinu za vita katika riwaya ya kale ya Falme Tatu: alimnasa adui yake Sima Yi bondeni, akawasha moto, mvua ikanyesha ikauzima. Ningeanza kueleza mbingu za Kichina pale, mafundi wangenishangaa. Nikasema, "Jitihada haiondoi kudura." Nyapara wetu akaitikia, "Kabisa, mzee wangu," wakarudi kuhesabu mifuko ya saruji.

Akiba yetu ni kubwa, itumie. Liàng lì ér xíng, 量力而行, tenda kadiri ya nguvu zako, inakaa vizuri kwenye mtu hujikuna ajipatapo. Shéng jù mù duàn, 绳锯木断, kamba hukata gogo, ina ndugu yake hasa: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Shuǐ dī shí chuān, tone la maji hutoboa jiwe, huja pamoja nayo, na yote mawili yamo katika hukumu ya Zhang Guaiya, hakimu wa Chongyang, aliyemuua karani kwa kuiba senti moja ya hazina: senti moja kwa siku, siku elfu senti elfu. Leo ni sifa ya uvumilivu, ila mhasibu Mchina akiitaja mbele ya stoo yenye upungufu, sikiliza kwa makini.

Moja siitumii kabisa: rén dìng shèng tiān, 人定胜天, binadamu ataishinda mbingu. Ilikuwa kaulimbiu ya Mruko Mkubwa, kampeni ya Mao ya uzalishaji iliyoanza 1958, na njaa iliyofuata iliua mamilioni. Mezani na mtu usiyejua nyumbani kwao yalitokea nini, iache.

Matamshi nayo yana kanuni. Nyingi hugawanyika mbili-mbili, kwa hiyo pumzika kidogo katikati: Yúgōng, yíshān. Toni zake, yaani mpando na mshuko wa sauti, ni ya pili, ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Ziimbe hadi ulimi uzizoee. Angalia bù: kwenye bù zì liàng lì kamusi inaandika toni ya nne, mdomoni inakuwa ya pili, bú, kwa sababu zì ni ya nne. Kwenye lì bù cóng xīn haibadiliki. Na ukitaka kuitia nahau katika maneno yako mwenyewe, tanguliza Zhōngguó yǒu jù lǎohuà, "Wachina wana msemo wa kale." Moja kwa kikao inatosha.

Ukiisikia mpya, uliza: Zhège chéngyǔ yǒu shénme gùshi? Nahau hii ina kisa gani? Wengi hufurahi kusimulia, hasa wakati wa chai. Andika daftarini nahau yenyewe, kisa kwa Kiswahili, kisha mstari mmoja: nani kaisema, kamwambia nani, kulikuwa na nini siku hiyo. Methali yetu inayolingana nayo iandike mwisho kabisa, ukishasikia watu wawili watatu wakiitumia.