Vidonge vya kupevusha yai: shika kalenda kabla ya kushika maji

Kwenye ordonansi yangu ya kwanza, ile karatasi ya dawa, daktari aliandika: «Clomid 50 mg, 1 co/j, J3-J7», yaani kidonge kimoja kwa siku, kuanzia siku ya 3 ya mzunguko hadi ya 7. Wakati ule nilikuwa nauza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kazi ya farmasi nilikuja kuianza baadaye. Nikangoja damu ya mwezi ikauke kabisa, ndipo nikahesabu moja, mbili, tatu, nikameza. Kumbe J1 ni siku ile damu yenyewe inapoanza kutoka. Matone ya kahawia ya jana yake hayahesabiwi. Damu yangu hukaa siku 5, kwa hiyo kidonge cha siku ya 3 nilikimeza siku ya 8. Mzunguko mzima ukapotea hivihivi. Ndiyo maana leo, dada yeyote akinipa karatasi kama ile, kabla sijatoa dawa namuuliza: damu ilianza lini?

Lakini tuanzie nyuma kidogo. Watu huviita vidonge vya homoni, ingawa klomifeni, dawa iliyomo ndani ya Clomid, yenyewe si homoni. Inaziba masikio ya ubongo usisikie estrojeni, homoni ya kike, iliyomo mwilini. Ubongo ukidhani imepungua, unatuma amri kwa nguvu zaidi kwenye ovari, zile nyumba za mayai, na yai linakua hadi kutoka. Basi, kazi yake inaishia hapo. Haizibui mirija ya uzazi iliyoziba, na haiongezi mbegu za mume. Inamfaa mwanamke ambaye yai lake halitoki au linatoka kwa kubahatisha: yule anayeona damu baada ya siku 40, mara 60, mara miezi mitatu kimya. Ukiwa na ndevu kidogo kidevuni na chunusi zisizoisha pamoja na hayo, mwambie daktari, usione haya. Na kama maziwa yanatoka bila wewe kunyonyesha, au shingo imevimba, kuna vipimo vya damu vya prolaktini, homoni ya maziwa, na vya tezi ya shingo vinavyotangulia vidonge hivi.

Bwana naye apimwe. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu kwetu mama mkwe humtazama mke tu, na mke huzungushwa kwa waganga peke yake. Mimi nilimwambia wangu jioni, tumekula, ametulia: «Papa, nikimeza dawa na shida iko upande wa pili, tutakuwa tunamwaga maji mchangani. Twende wote.» Alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akakubali. Kwa kipimo hicho mwanaume anakaa bila tendo siku 2 hadi 7, na mbegu zikichukuliwa nyumbani zifike labo ndani ya saa moja, zikiwa na joto la mwili. Tulikuwa tunakaa Cimpunda, labo iko chini Nyawera, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alikiweka kikopo ndani ya shati, chini ya koti, akapanda moto, yaani pikipiki, akamwambia dereva apite njia isiyo na matope.

Umepimwa, daktari amekuandikia. Sasa chukua kalenda. Yangu ilikuwa ile ya parokia, imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, na biki nyekundu nimeifunga kwa uzi pembeni ili isipotee. Zungusha siku damu ilipoanza: hiyo ni 1. Kama una wasiwasi wowote wa mimba, au damu imekuja kidogo kuliko kawaida, pima mkojo kwanza, maana dawa hizi hazimezwi na mimba tumboni. Kidonge kimoja kwa siku, saa ileile, siku 5 mfululizo. Wengine huanza siku ya 2, wengine ya 5. Fuata karatasi yako, usifuate ya jirani.

Yai hutarajiwa siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho. Ukimaliza siku ya 7, mayai yako ni kati ya siku ya 12 na ya 17. Anzeni kukutana siku ya 10, siku moja ndiyo, siku moja pumziko, hadi ya 18. Ukiweza, fanya ekografi, ile picha ya tumbo, karibu na siku ya 12, angalau mzunguko wa kwanza, ili daktari aone mayai mangapi yanakua. Yakiwa mengi atawaambia mkae mbali mwezi huo. Mtii. Wapo wanaokuja kuniomba wameze mbili mbili wapate mapacha. Kwa klomifeni mapacha huja kwa mimba zisizofika 10 kati ya 100, na kujiongezea dozi ni kuziumiza ovari. Dozi huongezwa na daktari, baada ya kuona kwamba 50 haikutoa yai.

Utasikia joto la ghafla. Mimi nilikuwa nafungua dirisha usiku wa manane, baridi ya ziwa inaingia, mume amejifunika blanketi mbili. Kichwa kuuma na tumbo kujaa kidogo pia hutokea. Lakini macho yakianza kuona ukungu au vimulimuli, acha vidonge siku hiyohiyo na urudi kwa daktari. Tumbo likivimba haraka, likiuma sana, unatapika au pumzi inakata, nenda hospitali usiku uleule.

Siku hizi wengi huandikiwa letrozoli badala yake, hasa wenye ovari zenye vifuko vingi. Humezwa siku 5 vilevile. Akina dada hunirudishia boksi wakitetemeka kwa sababu ndani ya karatasi imeandikwa saratani ya titi. Dada, huna saratani. Dawa hiyo ilianzia kwenye ugonjwa huo, kisha madaktari wakaona inaamsha mayai vizuri.

Mizunguko 6 ya klomifeni ndiyo mwisho wa kawaida. Kama mitatu imepita na yai linatoka lakini mimba hakuna, uliza habari za mirija, kama haijapigwa picha bado. Na kama umevuka miaka 35, usingoje mwaka mzima ndipo uende kupimwa. Miezi 6 yatosha.

Siku ya 35 ikifika bila damu, pima mkojo wa asubuhi. Usifungue plaketi mpya ya vidonge kabla hujaona jibu. Likiwa hapana, rudi kwa daktari na kalenda yako mkononi, aione ile mizunguko ya biki nyekundu mwenyewe.